Uswahilini Nako Kuna Urithi

Wapendwa waamini, na hasa ninyi viongozi wa walei mnaoketi katika Halmashauri za Parokia na kuziongoza Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Liko neno moja lililozoeleka mno katika mikutano ya maendeleo ya vitongoji vyetu vya Kinondoni na Temeke, nalo ni kwamba huku kwetu hakuna cha kuhifadhi. Hulisema maofisa wanaokuja na michoro yao mikononi. Hulisema madalali wa viwanja. Na la kusikitisha zaidi, twalisema sisi wenyewe, tena mbele ya watoto wetu. Urithi wa jiji, twaambiwa, uko mjini: Boma la Kale, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, majumba ya Wajerumani yanayotazama bandari. Fedha za kuhifadhi ziende huko. Huku Uswahilini zije fedha za lami na mifereji, na ikibidi nyumba ziondoke, basi na ziondoke.

Neno hilo si kweli, na tena si neno lisilo na madhara. Mtu akishakubali kwamba mahali anapoishi hapana thamani, amekwisha kutia saini kabla ya karatasi kuletwa.

Sisemi kwamba majengo ya mjini hayastahili kutunzwa. Boma la Kale, la zama za Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, lilikarabatiwa katika muongo wa 2010 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, likafanywa kituo cha urithi wa usanifu wa majengo. Ni kazi njema. Nyumba ya Atiman, ambayo umri wake ni karibu sawa na wa Boma hilo, imesimama hata leo kwa sababu Mapadre Weupe waliichukua katika miaka ya 1920 na kuendelea kukaa ndani yake. Nayo inabeba jina la Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa akawa mganga na katekista wa Karema. Angalieni vizuri jambo hilo. Nyumba ile haikuokolewa na ukuta wala kibao cha makumbusho. Iliokolewa na watu waliolala humo, wakaziba paa lilipovuja. Nitarudi kwenye hoja hiyo.

Yafaa tujiulize wazo hili la kuwa urithi ni wa mjini tulilitoa wapi. Wajerumani walioifanya Dar es Salaam makao yao makuu mwaka 1891 waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi, wakaamua nani ajenge nini na wapi. Waingereza wakauendeleza mgawanyo ule, na majina yake tunayo hadi leo: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa mtupu ili Kariakoo isigusane na mji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ilala, Magomeni na Temeke zilipangwa ziwe makazi ya Waafrika. Katika fikra za watawala wale, Mwafrika mjini alikuwa mpitaji. Alikuja kufanya kazi bandarini au jikoni kwa bwana, kisha atarudi kwao. Na mpitaji hana urithi mahali anapopita. Mkoloni ameondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita. Fikra zake bado zinahudhuria vikao vyetu, tena zinakaa viti vya mbele.

Hata sheria yetu haikuachana nazo kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyosimamishwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hayana budi kungoja tangazo la Waziri. Basi hesabuni wenyewe: ni nyumba gani ya Mwananyamala, ya Keko au ya Tandika iliyojengwa kabla ya mwaka 1863? Kwa mujibu wa kalenda hiyo, watu walioijenga Dar es Salaam kwa mikono yao hawajaanza kuwa na historia.

Nini basi kilicho urithi wetu?

Kwanza ni nyumba yenyewe, ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Kila mmoja wenu anaijua hata akifumbwa macho. Mbele pana baraza. Mlango wa katikati unaingia ukumbini, na huku na huku vipo vyumba vitatu vitatu. Nyuma kuna uani, ambako kuna jiko, choo, kamba ya nguo, na pengine mwembe au mnazi mmoja. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vingine hupangisha. Kwa mpango huo mjane ameishi kwa kodi ya vyumba vinne bila kuomba mtu. Kwa mpango huo Mzaramo, Mmakonde, Mnyamwezi na Mhaya wamepika uani pamoja, wakagombania zamu ya kufagia, wakapatana, wakazika pamoja, wakaozeshana. Kiswahili tunachojivunia mbele ya Afrika nzima hakikukuzwa na shule peke yake. Kilikuzwa na uani. Na barazani ndipo palipochezwa bao, pakanywewa kahawa, pakakaliwa matanga. Asubuhi mama anauza vitumbua hapohapo, na Jumamosi Jumuiya inasali hapohapo. Sijaona bado mchoro wa mhandisi ambao umeandika neno "baraza". Katika mchoro hilo ni "zuio lililoingia katika hifadhi ya barabara."

Ubora wa nyumba hii si uvumbuzi wangu. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipoanza kubomoa mabanda ya udongo na makuti huko Magomeni na kwingineko, halikuleta nyumba za kigeni. Lilijenga kwa matofali ya saruji nyumba ya mtindo uleule wa Kiswahili, kwa kuwa waliokuwa wakipanga walijua watu wanavyoishi. Wakati ule tulikuwa maskini kuliko sasa, lakini katika jambo hili tulikuwa na akili zaidi.

Halafu yapo mahali maalumu. Pale Magomeni ipo nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya 1950 alipokuwa akiijenga TANU, nayo leo ni makumbusho. Ni nyumba ya kawaida ya mtaa wa kawaida, na hilo ndilo linaloifanya istahili kuonwa. Pale Kunduchi yapo magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, ya karne ya 18, ambayo wenyeji waliyapamba kwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Wapo Wakristo watakaoniuliza padre anahusikaje na msikiti uliobomoka. Nawajibu kwamba wale waliolala pale ni majirani zetu wa tangu zamani, na ujirani haukomi kwa sababu mmoja wa majirani amekwisha kufa. Pia kuna yale yasiyo na matofali: mdundiko unaozunguka mitaa wakati wa sherehe za Wazaramo, majina ya mitaa yenyewe, minazi na miembe ambayo watu hupeana maelekezo kwayo.

Kijitonyama kipo Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, ambamo nyumba za makabila yetu mbalimbali zimejengwa ili wageni na wanafunzi wazitazame. Ni jambo la heshima. Walakini nje ya uzio wake nyumba za Kiswahili zenye watu ndani zinanunuliwa na kuvunjwa moja baada ya nyingine, na hapana anayeliona kuwa ajabu.

Fedha ni za nani

Sasa nije kwenye fedha, kwa maana urithi bila paa huozeana na mvua.

Katika miaka 20 iliyopita vitongoji vyetu vimepokea fedha nyingi za uboreshaji. Kati ya mwaka 2005 na 2012 ulikuwapo mpango wa kuboresha miundombinu ya jamii, ambao ulifika mitaa 31 ya Kinondoni, Ilala na Temeke. Wakazi walichanga sehemu ndogo ya gharama, nao walishirikishwa katika kuchagua barabara ipi na mfereji upi utangulie. Machi 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa ajili ya Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, ule ambao wengi wenu mnaujua kwa herufi zake DMDP, na awamu ya pili imefuata. Barabara za ndani zimepata lami, taa zimewaka, maji ya mvua yamepata njia. Mimi ni mmoja wa wanaozitumia barabara hizo kwenda kuwapa wagonjwa Sakramenti usiku, wala sitazidharau.

Ila lipo jambo ambalo husahauliwa kila siku ya uzinduzi. Fedha hizo, kwa sehemu kubwa, si zawadi. Ni mkopo. Utalipwa na Serikali, maana yake utalipwa kwa kodi ya muuza mchicha wa Tandika na ya mjukuu wake. Kwa hiyo anapotokea mtu jukwaani na kutuambia tushukuru, tusiulize maswali ili wafadhili wasikasirike, anatudanganya mara mbili. Mwenye kulipa deni ana haki ya kuuliza amenunuliwa nini.

Na swali la kwanza la kuuliza ni hili: katika fedha hizi zote, ni kiasi gani kilichowekwa mikononi mwa mtaa, ili mtaa uamue wenyewe nini kitengenezwe na nini kilindwe? Naongea juu ya ruzuku ndogo, si juu ya mamilioni ya dola. Fedha za kuezeka upya nyumba ya bibi ambayo ukuta wake ungali imara. Fedha za kujenga baraza jipya pale ambapo mfereji umelikata la zamani. Fedha za kuwekea soko dogo kivuli na choo bila kuwafukuza wauzaji wake kwa miaka miwili, ambayo mara nyingi huwa milele. Hakuna kati ya hayo ambalo linamhitaji mkandarasi kutoka ng'ambo.

Watasema wananchi hawawezi kusimamia fedha. Hilo ni neno la pili la uongo, na jibu lake liko Hananasif, mkono wa Kinondoni, kando ya Msimbazi. Katika miaka ya 1990 mtaa ule ulikuwa ukifurika kila masika. Watu waliunda kamati yao, wakasaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, Mfuko wa Ford na wataalamu wa hapa nchini. Mifereji na barabara hazikupewa kampuni kubwa: kazi ilifanywa kwa mkataba na jamii yenyewe, wanawake kwa wanaume wakachimba na kujenga kwa ujira, mlangoni pao. Kisha wakatoza ushuru magari yaliyoingia mtaani ili ipatikane fedha ya matengenezo. Hayakuwa mambo makamilifu. Palikuwa na magomvi ya uongozi kama palivyo na magomvi katika kwaya zetu. Lakini mtaa ulibaki na wenyewe, na watu walijifunza kusoma hesabu ya saruji.

Hili lapatana na mafundisho ya Kanisa. Kanuni ya auni, ambayo Papa Pius XI aliieleza katika waraka wake wa mwaka 1931, yasema kuwa chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo chombo kidogo kinaiweza, kinapaswa kukisaidia. Ibara ya 146 ya Katiba ya nchi yetu, kwa njia yake, inataka serikali za mitaa ziwe za kupeleka madaraka kwa wananchi. Si jambo la kawaida Papa na Katiba kukubaliana hivi, na kamati za mitaa yetu kutojua hata moja kati ya hati hizo mbili.

Tuangalie na ng'ambo ya maji. Marekani, tangu mwaka 1949, serikali yao kuu ilitoa fedha za kusafisha mitaa iliyoitwa michafu katikati ya miji. Mitaa mizima ya watu weusi na ya wahamiaji maskini ilifyekwa. Makanisa yao, maduka yao, kumbi zao za muziki zikaondoka pamoja na nyumba, na wengi hawakurudi kamwe. Ilipofika mwaka 1974 sheria mpya ilianzisha ruzuku za maendeleo ya jamii, zinazopelekwa kwa serikali za mitaa. Leo sheria hiyo inadai kwamba walau asilimia 70 ya fedha hizo ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, kwamba wananchi wasikilizwe hadharani kabla ya matumizi, na inaruhusu fedha hizo zitumike kukarabati majengo ya kihistoria. Hata huko wajanja hawakukosekana. Ila jambo la msingi ni kwamba taifa tajiri kuliko yote liliona kwamba kubomoa si kuendeleza, na lilijifunza hivyo baada ya hasara ambayo haikuweza kurudishwa. Sisi tuna bahati ya kuweza kujifunza kabla.

Karibu zaidi nasi, Zanzibar. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kwa miaka mingi macho na fedha vilielekea huko peke yake. Upande wa pili, Ng'ambo, ambako waliishi watu wa kazi, ulihesabiwa kuwa hauna kitu. Katika muongo wa 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar ikaendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo: wataalamu wakatembea na wakazi, wakiandika ni sehemu zipi ambazo wakazi wenyewe waliziona kuwa na thamani, kabla ya kuchora lolote. Kama inawezekana Ng'ambo, kwa nini isiwezekane Temeke?

Bei nzuri si haki yote

Sasa nisikilize hoja za upande mwingine, maana zipo, na si zote za kipuuzi.

Husemwa kwamba jiji limefurika, na nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba sita inakula ardhi. Ni kweli jiji limefurika. Ghorofa si dhambi. Lakini ghorofa lajengwa kwa ajili ya nani, na waliokuwapo wanangoja wapi? Wakazi wa Magomeni Kota walijibiwa swali hilo kwa uchungu. Kaya 644 ziliondolewa na nyumba zao zikavunjwa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Kiwanja kikakaa tupu. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wajengewe. Na majengo mapya yakazinduliwa na Rais Samia Machi 2022. Nawapongeza waliotimiza ahadi. Lakini miaka kumi ni muda wa mtoto kuanza shule na kumaliza, na ni muda wa wazee wengi kufa wakiwa wapangaji katika mji ambao waliwahi kuwa na kwao. Ujirani uliovunjwa kwa miaka kumi haurudi kwa kukabidhiwa funguo.

Husemwa pia: fidia italipwa. Naam, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yadai fidia kamili, ya haki na ya upesi, na yatupasa kuidai bila haya. Hata hivyo, fidia siyo mwisho wa hoja. Someni tena sura ya 21 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, habari ya Nabothi, na someni taratibu. Mfalme Ahabu hakuanza kwa wizi. Alianza kwa fidia, tena fidia nzuri: shamba lililo bora zaidi, au bei yake kwa fedha. Alilitaka shamba kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, apate kuligeuza bustani ya mboga. Kwa lugha ya leo tungesema alitaka kubadili matumizi ya ardhi. Nabothi akakataa kwa sababu moja tu, kwamba ni urithi wa baba zake. Hakulalamikia bei.

Na tuangalie jinsi alivyouawa. Barua zenye muhuri wa mfalme zilitumwa kwa wazee na wakubwa wa mji uleule wa Nabothi, watu waliomjua na kuketi naye. Hao ndio walioitisha mkutano, wakamkalisha mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo. Yezebeli hakukanyaga pale. Dhuluma ilipitia mikono ya viongozi wa mtaa, kwa utaratibu, pamoja na kufunga na kusali. Nawaomba ninyi mlio wajumbe wa kamati za mitaa, na wengi wenu ni Wakatoliki wazuri, msome mistari hiyo mkijua kwamba inawahusu ninyi kuliko inavyomhusu mfalme.

Haki pia yahitaji tuseme juu ya dhuluma iliyo ndani ya nyumba zetu. Si Serikali peke yake inayouza urithi. Mzee akifa, kabla ya arobaini kuisha watoto wamekwisha mwita dalali. Nyumba ya vyumba sita iliyosomesha watoto saba inagawanywa kwa saba, kila mmoja anapata fedha ya pikipiki, na dada asiyeolewa aliyemuuguza baba miaka yote anatafuta chumba Chanika. Mahubiri ya ndoa na ubatizo tunayo mengi. Juu ya nyumba ya urithi hatusemi neno.

Wala Kanisa lisijione safi. Ni mara ngapi parokia zimevunja kanisa la kwanza, lile dogo lililojengwa na wakatekumeni kwa mchanga waliobeba vichwani, ili kupata nafasi ya maegesho ya magari? Jiwe la msingi linatupwa nyuma ya choo, na ukutani tunaweka marumaru yenye jina la mfadhili. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015 alionya wazi kwamba urithi wa historia na utamaduni uko hatarini sawasawa na viumbe, na kwamba ni sehemu ya utambulisho wa mahali. Tukitaka Manispaa itusikilize, tuanze na kiwanja chetu wenyewe.

Lipo neno la mwisho katika hoja za wapinzani, nalo ndilo zito kuliko yote. Mtaa ukiboreshwa, kodi hupanda. Barabara ikifika, mwenye nyumba anaweka vigae na mpangaji anahamia mbali zaidi, kwenye bonde jingine lenye mafuriko. Hivyo hata ruzuku niliyoitaja, ikitolewa ovyo, itawatengenezea wenye nyumba mapaa kwa fedha ya umma na kuwatupa nje wapangaji, ambao katika mitaa yetu mingi ndio walio wengi. Kwa hiyo sharti liwekwe tangu mwanzo: anayepokea fedha ya mtaa kuezekea nyumba yake akubali kwa maandishi, mbele ya mkutano, kutopandisha kodi kwa muda utakaokubaliwa. Asiyetaka sharti hilo aezeke kwa fedha yake. Na wapangaji wahudhurie mkutano huo, wapewe neno. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi, si wa wenye hati.

Mintarafu utekelezaji, nayataja yale yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kila Jumuiya iandike katika daftari moja nyumba za zamani za eneo lake, visima, miti mikubwa, makaburi, sehemu za ngoma na masoko madogo, na wazee waulizwe nani alijenga na lini. Wenzetu Waislamu waalikwe, maana mengi wanayajua wao. Wenye nyumba waangalie leseni zao za makazi, ambazo jiji lilianza kuzitoa mwaka 2004, kama bado hai. Kwa wengi zilikwisha muda zamani. Vikundi vya mafundi vijana viulize habari ya mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyowekwa kisheria mwaka 2018 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ikasimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachojua kupiga lipu na kuezeka kina haki nayo kama kikundi cha bodaboda.

Na mkutano wa mradi ukitangazwa, asiende Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei peke yake. Waende kumi, na daftari lao. Waombe kuonyeshwa mchoro wa mtaa wao, wautandaze mezani, waulize kwa sauti baraza liko wapi katika mchoro huu, soko la akina mama litakuwa wapi wakati wa ujenzi, kiasi gani ni mkopo na kiasi gani ni ruzuku, na nani katika mtaa atakayetia saini kwenye hundi. Majibu yaandikwe papo hapo, yasomwe Jumapili ifuatayo baada ya Misa, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, hata mlinzi akikataa mara ya kwanza.